Jibomba la Mwinjuma Dobi

Nchi yenyewe sitaitaja. Siogopi, ila jina lake ni refu mno, maana kila kiongozi anayeingia huliongezea neno moja, na anayetoka hakumbuki kuondoka na la kwake. Iite upendavyo. Itoshe kujua kwamba ni nchi njema, yenye watu wapole, mawaziri wa kutosha, na serikali ambayo haijawahi kumjibu mwananchi vibaya. Ukiiomba barabara, haisemi hapana. Ukiiomba daraja, haisemi hapana. Inasema, "Vuteni subira."

Na watu wakaivuta. Waliivuta babu zao, wakaivuta baba zao, wakaivuta wao, ikawa desturi kama kuamkiana. Mpaka siku moja, katika mtaa wa Chemchemi, mtaa ambao hauna chemchemi wala haujapata kuwa nayo, akasimama mzee mmoja mkutanoni mbele ya Waziri wa Maji na Matarajio, akavua kofia, akasema, "Mheshimiwa, subira tumeivuta mpaka imekwisha."

Waziri huyo, Dakta Kipukusa, ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka masomoni ughaibuni, alikokaa mpaka Kiswahili chake kikashika kutu. Aliyasikia maneno ya mzee akayaelewa kama yalivyotamkwa, neno kwa neno. Akawageukia wasaidizi wake kwa uchungu wa kweli.

"Imekwisha? Na hakuna aliyeniarifu? Mnawaachaje wananchi wavute kitu mpaka kinaisha? Iagizwe nyingine."

Msaidizi asiyemsahihisha mkubwa wake hufika mbali, na wasaidizi wa Dakta Kipukusa wote walikusudia kufika mbali. Wakaagiza. Kabla ya mvua za vuli, bandarini yakashushwa makontena ya vile vidude vya kuvutia mvuke, vinavyochajiwa kama simu, vyenye tangi dogo la maji ya ladha: unavuta huku, unapuliza kule, wingu linatoka. Na maji yale ya ladha yalikuwa ya aina moja tu, yakinukia embe, na kila chupa ilibandikwa jina lake kwa herufi kubwa: SUBIRA.

Ikabaki kukipa kidude jina. Kikaitishwa kikao cha wataalamu wa lugha, na mmoja wao, mtu mwenye akili sana, akakumbusha kwamba serikali iliingia madarakani kwa kaulimbiu ya "Kila kaya na bomba lake." Basi kidude kikaitwa bomba. Kwa neno moja ahadi ikatimizwa nchi nzima, tena kabla ya wakati. Wachache walionung'unika kwamba wao walidhani ni bomba la maji waliombwa waisome tena kaulimbiu ile taratibu, watazame kama neno maji limo.

Tena, kwa kuwa ni nchi inayoiheshimu sarufi, mabomba yaligawiwa kwa ngeli. Mwananchi wa kawaida alipewa kibomba, ukubwa wa kidole. Wajumbe wa mitaa na wenye maduka walipewa bomba, ukubwa wa tochi. Na wale ambao Dola imewatambua kwa namna ya pekee walipewa jibomba, lenye ukubwa wa chupa ya chai, na mkanda wa kulining'iniza begani, kwa sababu hakuna mfuko wa suruali unaolibeba.

*

Mwinjuma alikuwa dobi wa mtaa huo wa Chemchemi, mtu mwembamba, vidole vyake vimekunjamana kwa sabuni, na mpenda heshima. Kupenda heshima si kosa. Shida huanza pale unapoipenda nayo haikujui.

Kazi ya dobi ni maji, na maji ya Chemchemi yalikuwa Bondeni, kwenye kisima kilicho chini ya mteremko ambao hata mbuzi huuteremka kwa kufikiri. Aliyeyaleta ni mkewe, Siwema, kwa ndoo, kichwani. Usidhani Mwinjuma alikuwa mvivu. Alifua, alisuuza, alianika, alipiga pasi mpaka mgongo ukalia. Lakini kuteka maji, katika mtaa ule, ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume aliyeonekana na ndoo kichwani watu walimpa pole na kumuuliza mkewe amefariki lini.

Siku hizo magoti ya Siwema yalikuwa yameanza kumgomea. Akifika katikati ya mlima alisimama, akaliinamia goti la kushoto, akalisugua, kisha akaendelea. Mwinjuma aliyaona hayo kutoka kwenye kamba zake za kuanikia, na yalimuuma. Ndiyo maana aliomba bomba la maji uani. Na ndiyo maana alipopewa kibomba alikivuta kwa bidii kuliko mtu yeyote mtaani, asubuhi kabla ya uji na jioni baada ya swala, kwa kuwa alielezwa kwamba kuvuta ndiko kusubiri, na asiyesubiri haletewi.

Siwema alikataa cha kwake siku ile ile ya mgao. "Mimi subira ninayo," alisema. "Nilikuja nayo kutoka kwetu, kwenye sanduku, pamoja na kanga."

*

Jumatatu moja akaja nyumbani kwao Afisa Subira wa Kata. Cheo hicho kilikuwepo, na mwenye cheo alikuwa binti mmoja mstaarabu sana aitwaye Radhia, bomba lake la kikazi limechomekwa kiunoni.

"Shikamoo, mzee Mwinjuma."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Nimeshakaa, mzee. Nimekuja na hongera. Wizara imeyapima mawingu ya mtaa mzima, na lako ndilo limeonekana limetulia kuliko yote. Halipandi kwa hasira, haliyumbi, halidai kitu. Picha yake imepelekwa makao makuu. Umeteuliwa kupandishwa kutoka kibomba mpaka jibomba, bila kupitia bomba. Jumamosi Mheshimiwa Waziri anakuja kukukabidhi mwenyewe, kwenye uwanja wa shule. Ukikubali."

Mwinjuma alihisi masikio yanamwasha kwa furaha. Katika maisha yake yote kitu chake kilichowahi kufika makao makuu ni suruali ya mteja.

"Na ukiwa na jibomba unapata nini?"

"Unakaa kwenye makochi, mzee, mbele kabisa, karibu na Mheshimiwa. Tangi ni kubwa, betri inakaa na chaji mpaka unaisahau. Na utaitwa Mstahimilivu. Barua zote zitakuja hivyo, Mstahimilivu Mwinjuma."

Mwinjuma alilitafuna hilo neno kidogo, akaliona tamu. Kisha akakumbuka goti.

"Na foleni yangu ya maji, mwanangu?"

"Foleni ipo, wala usiwe na wasiwasi. Imepangwa kwa huruma. Wenye vibomba ndio tunaoanza nao, maana subira yao ni ndogo, inaweza kuwaishia njiani. Wenye mabomba wanafuata. Wenye majibomba wanakuwa mwisho, maana wao uwezo wa kungoja wanao. Mtu mwenye tangi kubwa namna ile ukimletea maji mapema, si unamharibia?"

"Kwa hiyo nikichukua jibomba narudi nyuma."

"Hurudi nyuma, mzee. Unapanda juu, upande wa nyuma."

Mwinjuma akavuta kibomba chake, akapuliza, akafikiri. "Wenye vibomba wameshaanza kuletewa?"

"Bado. Wanavuta subira."

"Na asiye na bomba kabisa?"

Radhia alimtazama kwa huzuni, kama muuguzi aliyeulizwa habari mbaya. "Huyo hayumo kwenye foleni, mzee. Tutajuaje kama anasubiri?"

*

Mtu akipata jambo la kuamua, hakosi ushauri wa jirani. Jirani wa Mwinjuma alikuwa Kapilima, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, na bomba lake la ukubwa wa tochi halikutoka mkononi hata akila. Alikuja siku ile ile, akasimama kati ya kamba za kuanikia, akaanza kupuliza na kushauri.

"Jirani, usilaze damu. Hicho kidude chako hata wingu hakitoi, kinatoa kikohozi cha kuku. Ukivuta mara kumi chaji imekwisha, unakaa ukutani na waya kama redio. Jibomba unavuta kutwa. Wingu lake zito, mtu anakupotea mbele ya macho. Mimi ningepewa, ningelala nalo."

"Lakini foleni..."

"Foleni ni ya watu wa viti vya plastiki, bwana. Wewe utakuwa kwenye kochi. Sikio la Waziri liko hapa, mdomo wako uko hapa. Unamnong'oneza: Mheshimiwa, bomba la maji. Neno moja kwenye sikio la mkubwa linashinda kusimama miaka mia."

Maneno hayo yalikuwa na akili, na Mwinjuma aliyaweka moyoni. Ila Kapilima alishauri kwa muda mrefu, na kila sentensi ilikuja na wingu lake, na kwenye kamba ilikuwa imeanikwa kanzu ya bwana harusi. Hilo lilikuwa balaa jingine ambalo serikali haikulitazamia: tangu mabomba yaingie mtaani, nguo zilikuwa hazikauki. Unaanika shuka asubuhi, majirani wanavuta subira, adhuhuri shuka bado ina unyevu na inanukia embe. Kanzu ile ilienda harusini hivyo hivyo, na nyuki wakamsindikiza bwana harusi mpaka ukumbini. Mwenye kanzu alirudi kesho yake amevimba jicho moja, akasema anatafuta dobi mwingine. Alikuwa mteja wa tatu kusema hivyo mwezi ule.

Jioni ya Jumatatu ile ile Mwinjuma alimweleza mkewe habari zote za jibomba, kochi, sikio na foleni. Siwema alikuwa amenyoosha miguu mkekani, anajipaka mafuta ya karafuu magotini.

"Sasa naogopa, Mama Kidawa," Mwinjuma alisema. "Nikichukua, nakuwa wa mwisho foleni, ila niko karibu na sikio. Nikiacha, niko mbele foleni, ila foleni yenyewe haitembei. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao ni mimi, Baba Kidawa. Si hicho kidude."

"Nazungumza mambo ya maana."

"Na mimi nayasikia. Kibomba kilipokuja, ndoo ilibaki kichwani mwangu. Likija jibomba, huenda wakaniletea pipa."

Mwinjuma alikasirika kidogo, kwa namna ya mtu anayejua kwamba ameambiwa kweli. "Basi wewe unataka nini?"

Siwema alipaka goti la pili bila haraka. "Nilishataka," alisema. "Zamani. Wewe chagua, mimi kesho ni siku ya mashuka ya nyumba ya wageni, itabidi niteremke mara nyingi."

Hakumwambia alichotaka, naye hakuuliza. Wanaume wengi wazuri huishia hapo hapo, kwenye swali ambalo lilikuwa mdomoni.

Ijumaa akampelekea Radhia jibu: atalichukua. Alijiambia anafanya hivyo kwa ajili ya goti la Siwema, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli. Sehemu iliyobaki ilikuwa ile "Mstahimilivu."

*

Jumamosi uwanja wa shule ukapambwa. Turubai likafungwa, makochi yakaletwa kutoka ofisi ya kata, yakavishwa vitambaa vya kufuma. Chini ya turubai watu walivuta na kupuliza mpaka mpiga ngoma akawa anapiga kwa kukisia. Mwinjuma alikaa kwenye kochi la mbele ndani ya kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe, iliyofuliwa kwa maji ya ndoo ya alfajiri. Siwema alimwambia atakuja akimaliza mashuka.

Dakta Kipukusa alifika amechelewa kwa kiasi kinacholingana na cheo chake, akapewa kipaza sauti.

"Wananchi wa Chemchemi! Nilipokuja hapa mara ya kwanza mlikuwa mmeishiwa. Mzee mmoja alinitazama machoni akaniambia, subira imekwisha. Sikulala. Leo naona mawingu haya nafarijika. Nchi nyingine zinachimba visima. Kisima hukauka! Sisi tumewekeza ndani ya mwananchi mwenyewe. Wako wanaosema bado hakuna maji. Nawauliza: mvuke ni nini kama si maji yaliyoendelea?"

Watu walipiga makofi. Baadhi walikuwa wanafukuza nyuki, lakini kwa mbali yalionekana makofi.

"Na leo tunaye mtu ambaye wingu lake limetundikwa ofisini kwangu. Simama, Mstahimilivu Mwinjuma!"

Mwinjuma akasimama. Kwenye meza ndogo mbele ya Waziri kulikuwa na majibomba mawili: la Waziri mwenyewe na la tuzo. Yalifanana kama mayai ya kuku mmoja. Dakta Kipukusa, mtu asiye na makuu, akachukua moja bila kulitazama, akamvisha Mwinjuma mkanda begani, akamwambia avute mbele ya hadhara.

Mwinjuma akavuta.

Halikuwa embe. Ulimwingia ubaridi mwororo, ubaridi wa maji ya mtungi uliofukizwa ubani, yaliyotekwa na mtu mwingine. Kifua chake kikatulia. Akajiona kama mtu ambaye kila alichokiomba kimeshafika, kimeshawekwa mahali pake, na hakumbuki tena jina la aliyemwomba. Kwa muda huo mfupi hakukumbuka goti la mtu yeyote. Alipopuliza, akaligeuza jibomba akatazama chupa iliyochomekwa chini yake. Ilikuwa imebandikwa neno jingine: HERI.

"Mheshimiwa," alinong'ona, maana sikio lilikuwa pale pale kama Kapilima alivyoahidi, "hili nadhani ni la kwako. Ndani yake si Subira."

"Ah!" Dakta Kipukusa hakufadhaika hata chembe. Alikuwa mtu mkweli, na wakweli hawajui kunong'ona. Alijibu kwa kipaza sauti. "Swali zuri sana. Ndugu zangu, mnaijua methali. Subira huvuta nini?"

"Heri!" uwanja ukaitika.

"Heri. Ninyi mnavuta subira, subira inavuta heri, heri inakusanyika. Sasa ikishakusanyika iachwe tu? Iharibike? Ni lazima awepo wa kuivuta. Kazi hiyo si nyepesi. Baraza la Mawaziri tukakaa, tukaona tujitolee."

Makofi yakawa makubwa zaidi. Kapilima alikuwa wa kwanza kusimama.

Mwinjuma hakukaa. Alikuwa na neno lake moja, na kochi lile alilikalia kwa ajili ya neno hilo. "Mheshimiwa, mke wangu ana magoti. Maji yako Bondeni. Naomba bomba. La maji."

Waziri alimshika mkono. Macho yake yalilengwa na machozi kabisa, nami siwezi kusema yalikuwa ya uongo. "Mzee wangu," alisema, "nchi hii ingekuwa na watu mia kama wewe, tusingehitaji maji kabisa. Vuta..."

Mwinjuma hakusikia alichoambiwa avute. Kochi la mbele lina faida moja ambayo hata Radhia hakuitaja: kutoka pale mtu anauona mteremko wote wa Bondeni, moja kwa moja. Na katikati ya mteremko alisimama Siwema, ndoo kichwani, ameliinamia goti la kushoto. Alikuwa peke yake. Mtaa mzima ulikuwa uwanjani unasubiri.

Mwinjuma alijitoa mkanda begani. Akaliweka jibomba mapajani kwa Waziri, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Kisha akatoa kibomba mfukoni, akakiweka juu yake, akatoka chini ya turubai na kanzu yake nyeupe, akaanza kuteremka.

Nyuma yake watu wakatazamana, maana hakukuwa na utaratibu wa jambo kama lile. Mshereheshaji ndiye aliyeokoa siku. "Mstahimilivu wetu ameshikwa na haja ndogo," alitangaza, na ngoma zikaendelea.

*

"Ilete," Mwinjuma alisema alipomfikia.

Siwema alimtazama juu hadi chini. Hakuitoa ndoo. "Na kanzu hiyo?"

"Mimi ni dobi, Mama Kidawa. Ilete."

Akaitwaa, akajitwika. Hakuwahi kujitwika ndoo tangu utotoni, na maji yakamteremkia shingoni mpaka mgongoni. Wakapanda polepole, yeye mbele na ndoo, Siwema nyuma mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Jibomba liko wapi?" Siwema aliuliza.

"Nimelirudisha."

"Na kibomba?"

"Nacho nimekirudisha."

"Basi hatumo kwenye foleni."

"Hatumo." Mwinjuma alisimama apumue. Hapo ndipo lilipomtoka lile swali la juzi. "Mama Kidawa, ulisema ulishataka. Ulitaka nini?"

Siwema alicheka, cheko la chini ambalo Mwinjuma hakulisikia siku nyingi. "Hicho ulichokishika kichwani. Wewe miaka yote ulikuwa unasubiri bomba. Mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

 Mwinjuma aliona haya, haya ya mtu mzima, na aliona pia furaha, na vyote viwili vikampanda kifuani kwa pamoja. Alishukuru kwamba uso wake ulikuwa umeshalowa.

*

Uwanjani waliwaona, bila shaka. Kapilima alipiga kelele kumuuliza Mwinjuma mkewe amefariki lini, na Siwema mwenyewe akamjibu kwamba hajambo, anapumzika. Radhia alikuja Jumatatu, akampa Mwinjuma pole, akamwandika kuwa ni mtu asiye na subira. Alipoondoka alirudi mlangoni akauliza, kwa sauti ya chini isiyo ya kikazi, kama njia ya Bondeni ni salama kwa mwanamume mgeni wa kazi hiyo, kwa kuwa baba yake naye alikuwa akilitazama goti la mama yake.

Jibomba la tuzo hawakuliacha lilale. Alipewa Kapilima, naye analo mpaka leo; mkanda umemkata bega, na foleni ya maji anaijua mwisho wake ulipo kuliko mtu yeyote. Dakta Kipukusa naye hakupata hasara. Wizara ilipofanya tathmini iligundua kwamba kaya ya Mwinjuma ina maji maradufu ya zamani, kwa sababu Mwinjuma alibeba ndoo kubwa kuliko ya mkewe, na mradi wa Chemchemi ukatangazwa redioni kuwa umefanikiwa kwa asilimia mia. Wananchi wa mitaa mingine wakaombwa wavute subira.

Siku tangazo hilo liliposomwa, Siwema alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, miguu ameinyoosha juani, redio pembeni. Kamba zilikuwa zimejaa mashuka. Kule chini, Mwinjuma alikuwa ametokeza kwenye kona ya njia, ndoo kichwani, na nyuma yake wanaume wawili watatu wakiona haya, kila mmoja na ndoo yake.

"Mama Kidawa!" aliita kutoka mbali. "Maji yanakuja!"

"Nangoja," Siwema alijibu.

Na katika historia yote ya nchi ile, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kusema maji yanakuja, na maji yakaja.